Kabla hujaomba RAM, angalia toleo la PHP

Juzi kijana mmoja wa Kondoa ameniandikia: "Shikamoo kaka. Seva yetu inazimia kila dirisha la maombi likifunguliwa. Bosi anasema tuongeze RAM. Unashaurije?"

Marahaba mdogo wangu. Jibu fupi: usinunue kitu kwanza. Jibu refu linanihusu mwenyewe, maana ugonjwa huo nimeuuguza kwa mikono yangu hapa hapa Dodoma, na shukrani wakapewa wengine.

Mwaka 2023 nilikuwa nahudumia mfumo wa maombi wa chuo kimoja hapa mjini, sikitaji jina. Umeandikwa kwa PHP, lugha ya kutengenezea mifumo ya mtandaoni, kama mifumo mingi tunayorithishana. Julai, udahili umepamba moto, mfumo ukaanza kulala. Wazazi wanapiga simu toka Bahi na Kongwa, watoto wamekaa kwenye steshenari wanalipia muda huku ukurasa unazunguka tu. Ofisini kila mtu ana lake: mkongo umekatika, waombaji ni wengi, seva imezeeka.

Nikaingia kwenye seva. Waombaji hawakuwa wengi hata kidogo, na laini ya intaneti ilikuwa imetulia. Lakini amri ya top inaonyesha php-fpm, programu inayoendesha PHP, imeshika prosesa asilimia 100, na amri ya df inasema diski imejaa. Imejaa nini? Logi, faili ambamo seva huandika kila tukio. Nikaifungua, mstari ni ule ule mpaka macho yakauma: idadi ya mafaili yanayoruhusiwa kupakiwa imezidi, imezidi, imezidi. Upande wa nginx, programu inayopokea wageni wa tovuti, maombi ya mtandao (request) yanayoleta balaa yalikuwa machache, yote POST, yaani ya kutuma data, yote yameelekezwa kwenye ukurasa wa mbele ambao hauna hata sehemu ya kupakia faili!

Wengi hawalijui hili. Fomu ya aina ya multipart, ile inayobeba data na mafaili kwa vipande, ikifika, PHP huichambua yote kabla mstari wa kwanza wa kodi yako haujaanza kufanya kazi. Kwa hiyo ukaguzi wako wa nywila na maneno yako makali kwenye kodi havisaidii kitu, havijafikiwa bado. Mtu akituma fomu moja yenye vipande vidogo vidogo maelfu kwa maelfu, ndani ya megabaiti 8 ambazo PHP huruhusu usipoibadilisha, seva inabaki kuvichambua, na kwa kila faili lililozidi kikomo cha mafaili 20 inaandika onyo kwenye logi. Ni sawa na mtu kuingia duka la Majengo na gunia la sarafu, akataka zihesabiwe zote kabla hajasema anataka kununua nini. Hajaiba wala hajavunja mlango, ila foleni nzima imesimama.

Tundu hilo limesajiliwa kama CVE-2023-0662, namba yake kwenye orodha ya kimataifa ya matundu ya usalama. Kiraka, yaani marekebisho ya kuliziba, kilitoka tarehe 14 Februari 2023, kwenye matoleo 8.0.28, 8.1.16 na 8.2.3. Kilileta kikomo kipya, max_multipart_body_parts, ambacho usipokigusa ni jumla ya max_input_vars (kikomo cha data za fomu, 1000) na max_file_uploads (kikomo cha mafaili, 20). Vipande vikizidi hapo, PHP inaacha kuchambua.

Februari mpaka Julai, ndugu zangu. Dokezo langu la kuomba ruhusa ya kupandisha toleo lilikuwa kwenye faili la mkubwa tangu Machi. Nilipofuatilia niliambiwa, "Kitu kinafanya kazi, unakigusa cha nini?" Sitamwonea, hofu ile ina asili yake. Januari 2012, PHP 5.3.9 ilikuja kuziba tundu jingine la kulemaza seva kwa data nyingi za fomu, na kiraka chenyewe kikafungua tundu baya zaidi, la mtu wa nje kuweza kuendesha kodi yake kwenye seva yako. Ikabidi Februari itoke 5.3.10. Lakini waliokuwa wanafuatilia waliziba na hilo pia. Waliokaa na toleo la zamani walibaki na tundu la kwanza.

Usiku ule sikusubiri saini. Nikachukua nakala ya data, nikapunguza logi, nikapandisha kifurushi, nikawasha upya php-fpm. Mfumo ukaamka. Baadaye kikaitishwa kikao, na pongezi zikaenda kwa wataalamu waliotoka Dar kufunga seva mpya yenye RAM mara mbili. Mimi nilitajwa kama "kijana wetu wa kompyuta". Nina watoto watatu.

Basi tusikilizane. Kiraka hakina posho, hakina uzinduzi, hakuna anayekikatia utepe. Mji huu unaelewa barua, kikao na ununuzi. Kazi ya usiku isiyoonekana haihesabiki. Ifanye hivyo hivyo. Anza na amri ya php -v, inayokuonyesha toleo, lakini kwenye Ubuntu na Debian, mifumo endeshi ya Linux, usihukumu kwa namba peke yake, kwa sababu wao hutia kiraka huku wakiacha namba ya zamani. Tafuta namba ya CVE kwenye orodha ya mabadiliko ya kifurushi. PHP 7.4 iliachwa na wenyewe Novemba 2022, kabla ya kiraka hiki, kwa hiyo kama uliijenga mwenyewe hakuna atakayekuletea. Logi zizungushwe kwa logrotate, programu inayofuta za zamani, na ikiwezekana zikae sehemu yake ya diski, zisije zikaua hifadhidata. Na acheni kuweka client_max_body_size, kikomo cha nginx cha ukubwa wa data inayotumwa, ya 100m (megabaiti 100) kwa tovuti nzima kwa ajili ya ukurasa mmoja wa kupakia vyeti. Iongeze kwenye ukurasa huo tu.

Kupandisha toleo usifanye kwa mara ya kwanza kwenye seva yenye watu. Jaribu pembeni, hata kwenye laptopu yako.

Na wewe wa Kondoa, dokezo liandike kabla ya kugusa chochote, uweke tarehe na namba ya CVE, na ubaki na nakala yenye muhuri wa masjala.