Euro inageuka madudu kwenye tovuti: tumia &#8364;, lakini soma hadi mwisho

Ndugu yangu, umesema bei za vyumba vya gesti yako ya Jambiani unaandika 45 € na wageni wanaona 45 â‚¬. Faili lako limehifadhiwa kwa UTF-8, mpango wa kisasa wa kuandika herufi zote za dunia kwa baiti (vipande vidogo vya data), ila seva inakiambia kivinjari kulisoma kwa ISO-8859-1, mpango wa zamani wa herufi za Ulaya. Euro kwa UTF-8 ni baiti 3, na kila baiti imesomwa kama herufi inayojitegemea. Ndiyo hayo madudu matatu.

Dawa ya haraka ni kuandika &#8364; pale pa alama. Hizo ni herufi za kawaida tupu, kwa hiyo seva ikosee isikosee, kivinjari kinaiona 8364, kinajua ni euro ya Yunikodi, orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba yake, kinachora €. Nuktamkato ya mwisho usiiache. Ukikuta &#x20AC; usishtuke, ni euro ileile kwa hesabu ya kumi na sita. Digrii za joto ni &#176;.

Mimi namba hizi zilinifaa hasa kwenye tangazo la Maulidi la madrasa moja Wete. Maalim alitaka ﷺ kila anapotajwa Mtume, na kibodi ya pale haina. &#65018; ikamaliza kazi. Simu kadhaa kongwe zikatoa kisanduku kitupu, lakini hapo namba haina kosa: fonti ya simu ndiyo haina umbo hilo. Tukapakia fonti kwenye tovuti yenyewe.

Kuna watu watakupa &#128; kwa euro. Wasikuponze. 128 ni namba ya euro kwenye mpango wa herufi wa Windows. Kwenye Yunikodi pale pana alama ya uendeshaji isiyoonekana. Vivinjari vinawastiri kwa kuigeuza kimyakimya, ila kwenye XML, muundo wa kuandikia data, hutaiona euro.

Na kama bei zinatoka kwenye hifadhidata, humo weka € yenyewe. Programu nyingi hugeuza ile & kuwa &amp;, mgeni akasoma "45 &#8364;" vilevile ilivyo, na bora hata yale madudu. Kwa hali yako ningeanza na seva: mwambie anayeitunza atangaze UTF-8, kwa sababu tangazo la seva linaishinda <meta charset="utf-8"> yako, mstari wa ndani ya ukurasa unaotaja mpango wa herufi, hata ukiiweka juu kabisa. Namba ziachie alama mbili tatu ambazo kibodi haina.