Klipu ya Mwatate

Vijana wa sevisi, nyinyi mnaohudumia magari ya mbio za rali, nawapenda, lakini Jumamosi iliyopita mlinipandisha presha. Nilisimama kando ya turubai lenu nikamwona mmoja wenu akirudisha ea klina, kile kichujio cha hewa ya injini, kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika simu, anajirekodi. Boneti pwaa! Gari likaondoka. Na mimi nikaondoka kabla sijamtukana mtoto wa watu.

Haya basi.

1. Hesabu spana kabla gari halijaingia na kabla halijatoka.

2. Nati za gurudumu zikazwe mwisho gari likiwa chini, na mtu mmoja, yule yule. Wakikaza wawili, kila mmoja huamini mwenzake amemaliza.

3. Vumbi. Hapa kaeni kitako.

Mwaka 1984 nilikuwa makanika wa pili wa mzee mmoja wa Nairobi aliyekuwa na Datsun 160J ya mkono wa pili. Mdhamini hakuwa naye. Mafuta na matairi vilitoka kwenye faida ya duka lake la spea. Ukutani gereji alibandika picha ya ile Volvo ambayo dereva Joginder Singh alishindia mbio za Safari Rally za 1965. "Nayo ilikuwa ya mkono wa pili," alitukumbusha kila tulipolalamika. Joginder alikuwa fundi kabla hajawa dereva, na katika Safari 22 alizoanza alimaliza 19. Hiyo 19 ndiyo Mzee aliyoiabudu, kuliko hata ushindi wa mara tatu. Mzee mwenyewe hakuwa na mbio za kutisha. Aliendesha kama mtu aliyebeba mayai, halafu jioni unamkuta wa tano, wenye magari mapya wako mtaroni.

Siku hiyo ilikuwa raundi ya mashindano ya kitaifa, kule Taita. Sevisi Mwatate, dakika sita. Kazi yangu ilikuwa ea klina. Nikaikung'uta, nikairudisha, nikavisha paipu ya hewa kwenye kabureta, nikaweka klipu ya kuibana, nikazungusha bisibisi mara mbili. Ilihitaji mara nane. Lakini watu walikuwa wametuzunguka, watoto wamepanda juu ya miti, na mimi nilitaka wanione nikifunga boneti kwa kishindo kama mafundi wa timu za viwanda vya magari. Simu hazikuwepo, ujinga ulikuwepo.

Mbele ya Maktau tukamkuta Mzee amekaa juu ya buti, anakula chungwa. Gari lilikohoa, likatoa moshi wa buluu, likanyamaza. Nikakimbilia boneti kabla ya mtu mwingine yeyote. Paipu ilikuwa imechomoka nusu. Nikairudisha, nikakaza klipu mpaka mkono ukauma, kisha nikaita wenzangu waje waone kama ni gasketi.

Injini ilifunguliwa Nairobi. Silinda zilikuwa zimekwaruzika kama zimepigwa msasa. Mzee akaingiza kidole ndani ya paipu, upande ambao hewa inatakiwa iwe safi, kikatoka chekundu. Udongo wa Taita mnaujua.

"Nani alifunga hii?"

Sikusema neno. Nilimwangalia taniboi, basi. Kijana wa miaka kumi na saba, wiki yake ya tatu kazini, aliyekuwa ameshika jeki muda wote. Akababaika. Akaambiwa Jumatatu asije.

Nilikaa nalo miaka 11. Nilipokwenda kumweleza Mzee alikuwa ameacha mbio zamani, macho yamefifia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamenya chungwa lake, akanikatia nusu.

"Nilijua," akasema. "Klipu niliikuta imekazwa mpaka imekata mpira. Yule mtoto hakuwa na mkono huo."

Nikamuuliza mbona basi alimfukuza.

"Mafundi nilikuwa nao wawili tu. Taniboi ningepata kesho yake." Akatema mbegu. "Mimi pia halijanitoka."

Tulimaliza chungwa kimya.

4. Mvua ikinyesha, futa mpango wote wa matairi uanze upya. Safari ya 1968, ya mvua na matope, yalianza magari 93, yakamaliza 7.

5. Snoka, zile paipu za kuvutia hewa juu mnazofunga siku hizi kwa ajili ya kuvuka maji, nazo zina viungo, na kila kiungo kina klipu. Vumbi la Kedong, kule Naivasha, ni laini kama unga wa ngano. Tangu mbio za rali za ubingwa wa dunia zirudi huko 2021 limeshameza injini za watu wenye pesa kuliko nyinyi.

6. Dereva akirudi amefungwa kamba nyuma ya pikapu, mpe maji. Maswali baadaye.

Namba saba nilikuwa nayo, imenitoka. Ila kama kuna mtu anamfahamu aliyekuwa taniboi wa Datsun moja pale Mwatate mwaka 1984, sasa atakuwa anakaribia sitini, mguu wa kushoto anauburuta kidogo, naomba aniambie alipo.