Mikasi ya leba inaota kutu kwenye Jik: tunakosea wapi?

Swali: Habari za kazi, daktari? Mimi ni muuguzi katika zahanati moja wilayani Pangani, mkoani Tanga. Tukimaliza kuzalisha tunaloweka mikasi na koleo kwenye ndoo ya Jik na maji, pengine tangu usiku hadi zamu ya asubuhi iingie. Kuchanganya tunakadiria kwa macho. Vifaa vinaota kutu, na mikasi mingine imekuwa mizito kufunguka. Tuongeze Jik au tupunguze?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu, poleni na zamu. Kabla ya kuongeza au kupunguza, pimeni. Lebo ya Jik ikisema klorini ni asilimia 3.5, nanyi mnataka asilimia 0.5, gawanya 3.5 kwa 0.5 upate 7, kisha toa 1. Yaani kikombe kimoja cha Jik kwa vikombe 6 vya maji, kikombe kilekile. Chupa ya asilimia 5 inataka maji vikombe 9, kwa hiyo lebo isomwe kila mara. Klorini hufifia kwa joto na jua, na joto la pwani yetu mnalijua. Chupa ikae kivulini, na mchanganyiko wa jana umwagwe.

Sasa hiyo kutu. Muda tuliozoea kufundishwa ni dakika 10, si usiku kucha. Klorini hula hata chuma cha pua. Huchimba vishimo vidogo ambamo damu hujificha, hasa kwenye maungio ya mkasi. Tena damu huimaliza klorini nguvu, hivyo ndoo iliyokwisha kuwa nyekundu inawapa moyo bure. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa kuloweka vifaa kwenye klorini kabla ya kuviosha hakupendekezwi, nami nakubaliana nalo kabisa. Kama utaratibu wa kituo chenu bado unawataka mloweke, zisizidi dakika 10, wala msidhani vifaa vimeshakuwa salama.

Kazi yenyewe iko kwenye brashi. Damu isiachwe ikauke: mama akishahudumiwa, funika vifaa kwa kitambaa kibichi, kisha viosheni mapema. Vaa glavu nzito za mpira, aproni na miwani. Fungua mkasi wote, sugua kwa sabuni ukiwa umeuzamisha majini ili maji yasikurukie usoni, na maungio yapate zamu yao. Kisima chenu kikiwa cha maji ya chumvi, suuza ya mwisho iwe kwa maji ya mvua, maana chumvi nayo huleta kutu. Kausha.

Baada ya hapo ndipo otoklevu, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke: nyuzijoto 121, dakika 20 kwa vifaa visivyofungwa, dakika 30 vilivyofungwa, ukihesabu tangu joto lifike. Kuchemsha dakika 20 ni kwa siku otoklevu imeharibika tu, kwani hakuui mbegu za vijidudu kama vya pepopunda. Ule ni mkasi wa kitovu! Mtoto hana namna ya kujikinga na chombo tulichomshikia sisi.

Mikasi iliyokwisha kuota kutu msiisugue kwa stilwaya, itachubuka zaidi. Itoeni kwenye seti, muiandike kwenye ombi lenu lijalo la vifaa.