Wasomaji Wauliza: Kufufua Gari la Kimarekani Nyumbani

Barua za safari hii zinahusu magari ya Marekani ya miaka ya 1960 yenye injini kubwa za V8: Mustang, Camaro na ndugu zao. Wanaoandika karibu wote wanaanza na injini au rangi. Sisi tunaanza na maji, kutu na breki, na majibu yamefuata mkondo huo.

Salaam mafundi. Nimenunua Ford Mustang ya 1967, V8, iliyokaa miaka mingi chini ya turubai karibu na bahari. Kila mvua ikinyesha zulia la mbele linalowa. Fundi rangi anataka abandike bati juu ya sakafu iliyooza, apige pati, tumalize. Nimkubalie? (Msomaji, Mbezi Beach)

Hapana, mwambie asubiri. Sakafu yako imeoza kwa sababu maji yanaingia kutoka juu. Bati jipya likibandikwa kabla njia ya maji haijazibwa litaoza kama lile la kwanza, tena upesi zaidi, kwa kuwa maji yatanasa katikati ya mabati mawili.

Mustang za 1965 hadi 1968 zina ugonjwa wake. Chini ya kioo cha mbele, penye matundu membamba ya hewa, kuna handaki la bati lililofungwa. Maji ya mvua yanaruhusiwa kuingia humo, kisha hutoka pembeni, nyuma ya fenda. Ndani ya handaki, kila upande kuna mdomo wa bati uliosimama kama kofia isiyo na kilele, unaozuia maji lakini unapitisha hewa kwenda ndani ya gari. Majani yakiziba njia za pembeni (gari lililoegeshwa chini ya mwarobaini huziba haraka mno), udongo wenye unyevu hukaa pale mwaka mzima na midomo hiyo huoza shinani. Ukisimama nje huoni kitu.

Pima hivi. Toa viti na zulia lote. Mtu mmoja amwage maji taratibu kwa jagi kwenye matundu, upande mmoja kwanza, na mwingine alale chini ya dashibodi na tochi. Maji yakimwagika nje nyuma ya gurudumu, upande huo ni mzima. Yakidondokea ndani, umepata chanzo. Usitumie mpira wa maji: utalowanisha na raba ya kioo, ambayo nayo huvuja, na hutajua kipi ni kipi.

Dawa ya kudumu ni kufungua handaki. Boneti, fenda na kioo vinatoka, kisha unatoboa zile nukta za kuchomelea zinazoshika bati la juu kwa kekee maalumu ya milimita 8, inayokata bati la juu tu na kuacha la chini. Ni kazi ya siku kadhaa na inachosha. Wapo wanaomimina faiba au gundi kupitia matundu. Hiyo huziba kwa muda, lakini kutu inaendelea chini yake na safari ya pili bati linakuwa bovu zaidi. Midomo mipya iagize Marekani ikiwa imekunjwa tayari, kwani umbo lake ni gumu kulipata kwa nyundo.

Kwa sakafu, nunua bati jeusi la geji 18, yaani unene wa milimita 1.2 hivi, pale Gerezani, Kariakoo. Usikubali bati la kuezekea. Zinki yake ikichomelewa huchemka, weldi inajaa vitundu, na moshi wake ni sumu. Reli za chini na maboksi yanayoungana nazo yanahitaji bati la milimita 2.

Kabla ya kukata chochote, kumbuka kwamba Mustang haina chesisi ya kujitegemea. Bodi ndiyo chesisi. Ukikata sakafu pande zote mbili huku gari limesimama kwenye stendi za katikati, litapinda na milango haitafunga tena. Weka stendi chini ya difu na chini ya mikono ya mbele ya sasipensheni, chomelea kwa muda paipu za mraba za milimita 25 kukatiza uwazi wa kila mlango, pima mikato ya ulalo (kona hadi kona) na uandike. Maliza upande mmoja kabla ya kugusa wa pili. Pima tena kila weldi inapopoa.

Weldi iwe ya MIG yenye waya wa milimita 0.6 au 0.8. Weldi ya fimbo inatoboa bati jembamba. Piga nukta moja, ruka sentimita tatu, hamia upande wa pili, acha ipoe. Anayechomelea mstari mzima kwa mkupuo huvuta bati, na mawimbi yake hayatoki.

Ukimaliza, bati lisilale wazi hata usiku mmoja. Upepo wa Mbezi una chumvi, na asubuhi utakuta vumbi la kutu jekundu. Futa kwa kiyeyusho, piga praima ya epoksi siku hiyohiyo, ziba maungio kwa gundi ya maungio, ndipo pati ije juu ya epoksi, isizidi milimita 3. Pati iliyopigwa moja kwa moja kwenye chuma hunywa unyevu, na baada ya masika moja rangi inavimba malengelenge. Rangi yenyewe ipange Juni hadi Septemba, asubuhi umande ukishakauka na kabla upepo wa bahari haujaanza kuleta vumbi mchana. Kompresa iwe na chujio la maji na thina iwe ile ya kukauka polepole. Ya haraka huacha ukungu mweupe hewa ikiwa na unyevu. Rangi za kuchanganya na hadina zinahitaji kinyago chenye hewa ya kutoka nje. Kitambaa puani hakizuii chochote.

Spana zangu za milimita zinakula vichwa vya nati. (Msomaji, Kigamboni)

Gari ni la inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7, kwa hiyo spana ya 13 inacheza na kuvila vichwa. Spana ya 14 haiingii kwenye 9/16 na ya 15 inazunguka bure. Zinazokaribia kufaa ni 19 kwa 3/4 na 16 kwa 5/8. Tafuta seti ya 3/8 hadi 1 kamili. Mafundi wa Land Rover za zamani na wa trekta za Massey Ferguson wanazo na wanajua zinakouzwa. La hatari zaidi ni bolti yenyewe. Bolti ya M8 (ya milimita 8) huingia mizunguko michache kwenye tundu la 5/16, kisha inakaza. Ukiilazimisha umeua uzi wa bloki.

Camaro ya 1969, injini 350 (inchi za ujazo). Kwenye foleni ya Barabara ya Mandela sindano ya joto inapanda, nikipata barabara wazi inashuka. Fundi ametoa themostati lakini hali ni ileile. (Msomaji, Tabata)

Sindano yako imeshajibu nusu ya swali. Gari linalochemka likiwa limesimama na kupoa likikimbia lina upungufu wa hewa, au moto wa plagi unachelewa. Linalochemka likikimbia ndilo lenye rejeta iliyoziba au maji yasiyozunguka. Kwa hiyo anza na feni.

Je, kava la duara linalozunguka feni lipo? Magari mengi hulipoteza injini inapotolewa, na bila lile feni inazungusha hewa ileile ya moto ndani ya boneti. Mapanga ya feni yakae nusu ndani ya kava, nusu nje. Kama feni ni ya klachi ya mafuta, izungushe kwa mkono injini ikiwa ya moto na imezimwa: ikizunguka kwa ulaini bila kuleta ukinzani, klachi imekufa.

Kisha angalia distributa. Kikombe chake cha vakyumu, kile chenye kimpira chembamba kinachokwenda kwenye kabureta au manifoldi, mara nyingi hukutwa kimezibwa kwa bolti. Injini ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyagiwa mafuta) huhitaji plagi ziwashe mapema. Zikichelewa, moto unamalizikia kwenye ekzosi na hedi zinapokea joto lote. Rudisha kimpira. Jumla ya taimingi (wakati wa plagi kuwasha), kimpira kikiwa kimetolewa na injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, iwe kati ya digrii 34 na 36.

Themostati irudi, ya digrii 82. Kuiondoa ni tabia ya gereji zetu nyingi na haitibu kitu. Barabarani injini inabaki baridi, unyevu hautoki kwenye oili na matope yanajengeka. Mfuniko wa rejeta uwe wa psi 15, wenye raba nzima. Presha hiyo inasogeza kiwango cha kuchemka kwa digrii 25 hivi.

Mwisho, maji. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na chumvi hula alumini ya manifoldi na kuta za rejeta. Mfumo wako unachukua lita 15 hivi: nusu kulanti, nusu maji yaliyosafishwa. Dukani ukiomba "maji ya betri" hakikisha unapewa maji na siyo asidi, maana vyote viwili huitwa hivyo. Kabla ya kujaza, fungua plagi za chini pembeni mwa bloki. Kama hakitoki kitu, chokoa kwa waya. Matope yaliyokaa pale huzuia joto lisitoke kwenye silinda za nyuma.

Rimu za Toyota Mark II zina matundu matano na nafasi ileile ya milimita 114.3. Zitaingia kwenye Mustang yangu ya V8? (Msomaji, Kinondoni)

Nafasi ya matundu ni sawa kabisa, na hapo ndipo watu wanapopotea. Tundu la katikati la rimu ya Toyota ni milimita 60.1, wakati habu ya mbele ya Mustang ni karibu 70, kwa hiyo rimu haikai mpaka ichongwe. Tatizo la pili ni kina. Rimu za Mark II za miaka ya 1990 na kuendelea zimezama kwa kiasi cha milimita +45 hadi +50 (kutoka katikati ya rimu hadi uso wa kufungia), na Mustang inataka karibu na sifuri. Utajikuta gurudumu limeingia ndani sentimita nne au zaidi, likisugua sasipensheni. Spesa nene zinarudisha nafasi lakini zinaongeza mzigo kwenye stadi (bolti zinazoshika gurudumu) za zamani. Tafuta rimu ya inchi 15 kwa 7 iliyotengenezwa kwa gari hili, na nati za nusu inchi zenye nyuzi 20 kwa inchi. Za Toyota ni M12 na zitaharibu stadi.

Hesabu pia stadi zako. Zikiwa nne, gari liliondoka kiwandani na injini ya silinda sita, vyovyote muuzaji atakavyosema. Kwenye namba ya chesisi, herufi ya tano ndiyo injini: C na A ni 289 za kawaida, K ni ile ya nguvu farasi 271, T ni silinda sita.

Usiku madereva wanaokuja mbele yangu wananimulika kwa hasira. Taa ni za asili. (Msomaji, Mikocheni)

Wana haki. Taa za Marekani zikiwa dimu hutupa mwanga kulia, na sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo unammulika anayekuja. Kuzishusha kwa bisibisi kutakunyima mwanga wako tu. Mustang hadi 1968 na Camaro nyingi za 1967 hadi 1969 zina taa moja ya duara ya inchi 7 kila upande, kipimo kilekile cha Land Rover Defender. Nunua jozi ya H4 ya Defender iliyotengenezwa kwa nchi za kuendesha kushoto, balbu ya wati 60/55. Usipitishe umeme wake kwenye swichi ya zamani: weka relei mbili na fyuzi, waya wa milimita mraba 2.5 kutoka betri. Magari yenye taa nne ndogo yanahitaji H4 za inchi 5¾, na hizo utaagiza.

Mustang ya 1966, injini 289 ya kabureta ya midomo miwili. Nataka kufunga kabureta ya midomo minne ya 750 (futi za ujazo za hewa kwa dakika) na kemushafti kali. Nini kingine? (Msomaji, Masaki)

Breki kwanza. Gari la 1966 lina masta silinda ya chumba kimoja: mpira mmoja wa breki kwenye gurudumu ukipasuka, pedali inagusa sakafu na huna breki yoyote. Ford walihamia vyumba viwili kwenye magari ya 1967, na masta silinda ya mwaka huo ya gari lenye dramu pande zote inafunga hapo kwako. Paipu za mbele na za nyuma zitenganishwe, ziwe za chuma za 3/16, midomo ikunjwe mara mbili. Shaba laini ya friji haifai hata kidogo. Fluidi ibadilishwe kila mwaka, kwa kuwa hunyonya unyevu wa pwani. Breki shu za zamani zina asbesto: lowanisha vumbi, usilipulize.

Kabureta ya 750 ni kubwa mno. Zidisha inchi za ujazo 289 kwa mizunguko 6,000, gawanya kwa 3,456: unapata 502, na injini ya barabarani hujaza asilimia 85 hivi ya hapo. Ya 500 inatosha na ya 600 ni mwisho. Kubwa kupita hapo hupunguza mwendo wa hewa kwenye koo la kabureta, petroli hainyunyiziki vizuri, na gari linakohoa kila unapokanyaga ghafla. Manifoldi nayo lazima iwe ya midomo minne.

Hedi zikifunguliwa, wekea valvu za ekzosi siti ngumu. Injini hizi zilitegemea risasi ya kwenye petroli kulinda siti, na risasi iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara kufikia 2006. Siti laini zikipigwa kwa safari ndefu huzama, nafasi ya valvu inapotea na silinda inakosa kompresheni.

Kemushafti ya mtindo huu inasuguana na tapeti bapa, na oili nyingi za sasa za magari madogo zina zinki na fosforasi kidogo kuliko inavyotaka. Tumia 15W-40 ya dizeli yenye alama CI-4. Siku ya kwanza, paka kila jino grisi ya kemushafti, jaza kabureta petroli na weka taimingi kabla, ili injini iwake papo hapo bila kustatiwa muda mrefu. Ikiwaka, ipandishe mara moja hadi kati ya mizunguko 2,000 na 2,500, ukibadilishabadilisha, kwa dakika 20. Usiiache sailensa ndani ya muda huo, kwani oili inayorushwa na kranki ndiyo inayolainisha kemushafti. Kukitokea uvujaji, zima kabisa, rekebisha, kisha malizia dakika zilizobaki. Oili hiyo na filta vimwagwe siku hiyohiyo, na filta ikatwe kutazama kama kuna unga wa chuma.