Lava ya Lengai isigeuke magadi mkononi mwako

Anayekwenda Oldoinyo Lengai, mlima wa volkeno ulioko kaskazini mwa Tanzania, kuchukua sampuli za lava hujiandaa kwa mwinuko, kwa baridi ya usiku na kwa joto la lava. Vyote hivyo ni vya kweli, lakini kinachoharibu kazi nyingi za mlima ule ni maji, hasa yale yasiyoonekana: unyevu wa hewa, jasho la kiganja, mvuke uliojificha ndani ya mfuko wa plastiki.

Lengai ndiyo volkeno pekee duniani inayojulikana kutoa lava ya natrokabonatiti katika zama zetu, yaani lava iliyojaa kaboneti za sodiamu na kalsiamu, huku silika, kiambato kikuu cha lava za kawaida, ikiwa karibu haimo kabisa. Madini yake makuu ni mawili: nyerereiti, iliyopewa jina la Mwalimu Nyerere, na gregoriti, iliyopewa jina la mwanajiolojia J. W. Gregory. Yote mawili huzaliwa bila maji ndani yake, na yakikutana na maji hayakai yalivyo.

Lava ikitoka huwa nyeusi au kahawia iliyokoza, nyepesi kama oili ya injini, yenye joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi. Mchana huoni wekundu wowote. Unaweza kudhani ni tope. Baada ya saa chache yanajitokeza madoa meupe, na baada ya siku chache mkondo mzima unakuwa mweupe. Mvua ikinyesha, weupe huo hausubiri hata saa moja. Ni kaboneti ya sodiamu iliyokunywa maji, pamoja na trona, ambayo sisi tunaijua kwa jina la magadi. Ndiyo hayo hayo ya kulainishia maharage na makande. Nyerereiti nayo hunywa maji ikawa madini mengine, pirsoniti, kisha gailusaiti. Mvua ikishaondoa sodiamu yote kinachobaki ni kalisaiti, yaani kaboneti ya kalsiamu. Kwa hiyo aliyeokota jiwe jeupe kileleni ameokota mabaki ya lava, na vipimo vyake vitaeleza habari za mvua kuliko habari za volkeno. Mwanajiolojia J. B. Dawson alipoieleza lava hii mwaka 1962, alikuwa ameiona ikitoka mwaka 1960, ingali nyeusi.

Kabla ya kupanda, maliza karatasi: kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), ruhusa za wenyeji wa Engare Sero, kijiji kilicho chini ya mlima, na kama jiwe litavuka mpaka, kibali cha Tume ya Madini. Panda na mwongozaji anayeujua mlima wa mwaka huu. Milipuko ya 2007 na 2008 iliivunja kreta (bakuli la kileleni) ya zamani na kuacha shimo refu, na ramani za kabla ya hapo hazifai tena. Ganda la lava iliyopoa juu linaweza kuwa jembamba kiasi cha kuvunjika chini ya buti. Vaa miwani ya kuziba pembeni, kwa sababu vumbi la kaboneti likichanganyika na jasho linachoma macho.

Sasa uchukuaji wenyewe. Kwa lava ya basalti, ile ya volkeno nyingi, wengi tumefundishwa kuchota na kutumbukiza kwenye ndoo ya maji ili ipoe haraka. Hapa usithubutu: ni hatari, na ukinusurika utabaki na ndoo ya maji ya magadi. Chota kwa mwiko wa chuma wenye mpini mrefu, umimine juu ya bamba la chuma kavu lenye unene wa sentimita moja au mbili. Chuma hunyonya joto haraka, na lava inaganda bila kuguswa na tone la maji. Kama lava imeshaganda, tafuta mkondo ambao bado una uvuguvugu. Piga nyundo, bandua sentimita mbili za juu hata kama zinaonekana nzuri, chukua kiini cheusi. Kiganja kitupu kisiguse. Subiri mpaka jiwe lishikike kwa glavu nyembamba, halafu lifunge hapo hapo, si baada ya kushuka.

Mfuko wa zipu peke yake hautoshi. Plastiki ya kawaida hupitisha mvuke polepole, na safari ya wiki mbili inatosha kulifanya jiwe liote unga mweupe kama ukungu wa mkate. Tumia chupa ya kioo yenye mdomo mpana na pete ya mpira, ujaze mpaka juu ili hewa ibaki kidogo, au mfuko wa foili unaozibwa kwa joto. Ndani weka jeli ya silika, vile vichembe vinavyokuja kwenye vifuko ndani ya viatu vipya. Kwa gramu 100 za jiwe mimi ningeweka gramu 20 hadi 30 za jeli, ndani ya kifuko cha kitambaa isigusane na jiwe. Siku moja kabla ya safari ikaushe jeli kwenye oveni, nyuzi 120, saa kadhaa. Jeli iliyokaa kabatini mwaka mzima imeshashiba. Ile ya rangi ya machungwa hukuonyesha yenyewe kwa kugeuka kijani. Kila sampuli igawe mara mbili tangu mlimani: chupa moja ya kufanyia kazi, nyingine isifunguliwe kabisa mpaka majibu ya kwanza yamezua swali.

Kuna mtego mmoja unaowanasa hata wazoefu. Chupa imekaa kwenye chumba chenye kiyoyozi, unaitoa Dar es Salaam mchana na kuifungua. Mvuke unatona juu ya jiwe kama unavyotona kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Iache chupa ikiwa imefungwa mpaka ipate joto la chumba, saa mbili au tatu, ndipo uifungue.

Haya yote yangeweza kuonekana ni usumbufu wa mlima mmoja tu, lakini mwaka 2025 watafiti wa sampuli za Bennu, asteroidi (jiwe kubwa linalozunguka jua), walitangaza mfululizo wa chumvi zilizoachwa na maji ya chumvi yaliyokauka, na miongoni mwake trona. Magadi, kutoka kwenye jiwe la angani. Chombo cha NASA kiitwacho OSIRIS-REx kilirudisha gramu 121.6 tarehe 24 Septemba 2023, na tangu hapo shehena hiyo inatunzwa ndani ya naitrojeni kavu. Chumvi za namna hiyo zisingedumu kwenye kimondo kilichoanguka shambani na kunyeshewa. Kimondo cha Orgueil, kilichoanguka Ufaransa mwaka 1864, kilionyesha michirizi myeupe ya salfeti iliyochukuliwa kwa miaka mingi kuwa ushahidi wa maji ya angani. Mwaka 2001 ilitolewa hoja nzito kwamba michirizi hiyo ilijijenga hapa duniani, kwa unyevu wa hewa yetu. Anayejifunza kutunza lava ya Lengai anajifunza kazi ile ile, tena kwa jiwe linaloonyesha kosa lake ndani ya siku moja.

Maabara, hatari ya kwanza ni msumeno. Misumeno ya mawe hupozwa kwa maji, na fundi asiyeambiwa atafanya kama kawaida yake. Simama naye. Kata, saga na ng'arisha kwa mafuta ya taa au mafuta mepesi ya madini, na unga wa almasi uwe wa kuchanganywa na mafuta. Kipande chembamba cha kutazamwa kwa hadubini kikishakamilika kikae kwenye chombo kikavu, na kipakwe kaboni siku hiyo hiyo kwa ajili ya vipimo vya elektroni. Chini ya hadubini, angalia kwanza gregoriti, zile punje za mviringo. Nyerereiti ni vile vibamba bapa. Kingo za gregoriti zikiwa zimechakaa na kuota manyoya, usiendelee kupima ukijifariji kwamba katikati ni pazima.

Hatari ya pili ni oveni, na hii inaumiza zaidi kwa sababu inadanganya. Ukikausha sampuli kwa nyuzi 105 kama ufanyavyo udongo, trona inapoteza maji pamoja na sehemu ya kabonidioksidi, inarudi kuwa kaboneti tupu ya sodiamu. Kipimo cha mionzi ya eksirei, kinachotambua madini, hakitaiona trona, nawe utaandika kwamba sampuli ilikuwa mbichi, haijaguswa na maji. Kausha kwa jeli na pampu ya ombwe, katika joto la chumba, usage unga ndani ya kisanduku cha naitrojeni kama kipo.

Kwenye maikroprobu ya elektroni, mashine inayopima elementi za punje kwa boriti (mwale) ya elektroni, sodiamu hukimbia pale boriti inapopiga. Tumia kilovolti 15, nanoampea 5 hadi 10, boriti iliyotanuliwa hadi mikroni 10 au 20, na sodiamu ipimwe kabla ya elementi nyingine zote. Rudia punje ile ile mahali papya. Sodiamu ikishuka kila sekunde zinavyoongezeka, punguza mkondo wa umeme kabla ya kulaumu jiwe.

Juu ya kila chupa andika saa ya kuchukuliwa, hali ya hewa, rangi ya jiwe wakati huo, na kila tarehe chupa ilipofunguliwa, hata kama ilikuwa ni kuchungulia tu.