Kwa nini misuli huishiwa nguvu jioni ilhali asubuhi ilikuwa mizima?

SWALI: Daktari, dada yangu ana umri wa miaka 28. Asubuhi huamka mzima, lakini ikifika jioni kope humlegea, huona vitu viwili viwili, na akisoma kwa sauti ukurasa mmoja tu, sauti yake hugeuka ikawa ya puani. Kipimo cha CT cha kichwa hakikuonyesha tatizo. Tumeambiwa ni miasthenia gravisi, yaani kinga ya mwili inashambulia misuli. Ikiwa misuli imeshambuliwa, mbona hurudiwa na nguvu akipumzika? Na je, vidonge vya pairidostigmini alivyoandikiwa vinatibu hiyo kinga?

JIBU: Ndugu msomaji, maelezo mliyopewa yana upungufu mdogo, nao ndio unaokutatiza. Kinachoshambuliwa si nyama ya msuli, bali ni mahali neva inapokutana na msuli.

Neva haiugusi msuli. Kati yake upo mwanya mwembamba sana. Ishara ya umeme inapofika mwisho wa neva, vifuko vidogo humwaga kemikali iitwayo asetilikolini, nayo huvuka mwanya huo na kushika vipokezi vilivyo kwenye utando wa msuli, ndipo msuli unapojikunja. Papo hapo kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali, huivunja asetilikolini hiyo ili ishara inayofuata ipate nafasi. Kwa wagonjwa walio wengi, kingamwili, yaani protini ambazo kwa kawaida hupambana na vijidudu, huviandama vipokezi hivyo: huviziba, huvifunga pamoja hadi seli ya msuli ikavimeza na kuviharibu, tena huita protini nyingine za kinga zinazotoboa utando wenyewe. Mwaka 1973 watafiti nchini Marekani walipima misuli ya wagonjwa na kukuta vipokezi vimepungua mno. Mwaka huohuo sungura waliodungwa vipokezi vya mkunga wa umeme walipatwa na udhaifu wa namna hiyohiyo.

Sasa tuje kwenye kupumzika. Neva ya mtu yeyote, ikifanya kazi mfululizo, humwaga asetilikolini pungufu kidogo kwa kila ishara, ila wengi wetu hatuhisi lolote kwa sababu kemikali na vipokezi tulivyo navyo vinazidi mahitaji. Dada yako hana ziada hiyo. Mistari ya kwanza huisoma vizuri, kisha nyuzi za msuli huanza kukosa ishara ya kutosha, kaakaa laini hulegea na hewa hupenya puani. Akinyamaza kidogo, neva hujaza tena vifuko vyake. Hitilafu ya namna hii haiwezi kuonekana kwenye CT ya kichwa. Wala haileti ganzi: mgonjwa akiniambia ana ganzi, hutafuta sababu nyingine.

Pairidostigmini haiigusi kinga. Hukizuia kile kimeng'enya, ili asetilikolini idumu zaidi kwenye mwanya na kuvifikia vipokezi vichache vilivyosalia, na nguvu yake huisha baada ya saa chache. Baridi nayo hukipunguza kasi kimeng'enya hicho, ndiyo maana barafu iliyofungwa kitambaani, ikiwekwa juu ya kope iliyolegea kwa dakika mbili, mara nyingi huiinua kwa muda. Kipimo rahisi ambacho naona hakitumiki vya kutosha. Kinga yenyewe hutulizwa kwa steroidi au azathiopirini. Anahitaji pia CT ya kifua, kwa kuwa takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi ana uvimbe kwenye tezi ya thaimasi, iliyo kifuani nyuma ya mfupa wa kidari, nao huhitaji kuondolewa kwa upasuaji.

Jambo moja hukuliuliza, nami naliona zito kuliko yote mawili. Kwinini ya malaria, antibiotiki kama sindano ya jentamisini na siprofloksasini, na magnesiamu wanayopewa wajawazito wenye kifafa cha mimba, zote huweza kuudhoofisha zaidi muunganiko wa neva na msuli, hata misuli ya kupumua ikashindwa. Kila aendapo kutibiwa, hata malaria, aeleze ugonjwa wake kabla hajaandikiwa dawa. Na akianza kupaliwa na mate au kuishiwa pumzi akiwa amelala chali, apelekwe hospitali saa hiyohiyo bila kungoja kidonge kifanye kazi.