Antena ya risiva kwenye boti ya rimoti: ipandishe juu

Ndugu, umesema boti inapoteza mawasiliano ikifika kama mita 30, na antena ya risiva (kifaa kinachopokea amri za rimoti) umeikunja chini ya betri. Hapo hapo ndipo penye tatizo. Mawimbi ya redio ya 2.4 GHz, ambayo rimoti yako hutumia, hayapenyi maji, na antena yako imelala chini ya usawa wa maji.

Uangalie vizuri huo waya. Sehemu kubwa ni kebo ya kupitishia tu. Kinachopokea ni ile ncha iliyochunwa ganda, kama milimita 31. Ncha hiyo isimame wima juu ya sitaha. Mimi hutoboa tundu, nikapachika mrija wa kalamu iliyokwisha wino, nikaipitisha ncha ndani yake, nikaziba pembeni kwa silikoni na kufunika kichwa chake. Haupendezi sana, lakini maji hayaingii.

Ukiwa na antena mbili, ziachane kwa pembe ya nyuzi 90. Zikae mbali na mota na nyaya za betri. Bodi ya boti ikiwa ya nyuzinyuzi za kaboni, ambazo huzuia mawimbi, ncha itoke nje kabisa.

Seti za zamani za 27 MHz ni habari nyingine: kule waya wote ndio antena, usiukate hata kidogo.